Kuona si Kufika: Historia ya Kamera Kooni

Wale mnaopita hapa kila wiki mmezoea habari za programu, simu za rununu na tarakilishi zinazogoma saa mbaya. Leo nahama mtaa. Tunaingia chumba cha upasuaji, na wagonjwa wetu ni wale wenye unene wa kupindukia. Mimi si daktari, kwa hivyo tafadhali msiniletee maswali ya dawa! Lakini hadithi hii ni ya kamera, skrini, na kipimo kimoja kilichozoeleka mno, na anayeandika programu kwa riziki yake hawezi kuipita hivi hivi.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Kabla ya upasuaji mkubwa, mgonjwa hupewa nusukaputi, kisha dawa ya kulegeza misuli. Dawa hiyo hailegezi mikono na miguu peke yake, hulegeza pia misuli ya kupumua. Kuanzia hapo mgonjwa hapumui. Daktari wa nusukaputi anapaswa kupitisha mrija mdomoni, nyuma ya ulimi, katikati ya nyuzi za sauti, hadi ndani ya njia ya hewa, kisha mashine ichukue kazi ya kupumua. Nyuma tu ya tundu hilo kuna tundu jingine, la umio. Mrija ukiingia huko, hewa inajaza tumbo huku ubongo unakosa oksijeni. Chombo cha kuinulia ulimi ili tundu lionekane huitwa laringoskopu. Kwa umbo lake la kawaida ni mpini wenye ubapa wa chuma na taa ndogo, basi.

Sasa saa inahesabu. Mwaka 1991 Jense na wenzake walichapisha utafiti ambao nadhani kila anayeunda chombo cha aina hii angeubandika ukutani. Waliwapa wagonjwa oksijeni tupu, wakawalaza kwa dawa, kisha wakapima inachukua muda gani bila kupumua hadi oksijeni katika damu ishuke kufikia asilimia 90. Wenye uzito wa kawaida walichukua wastani wa sekunde 364, yaani dakika sita na ushee. Wanene kiasi, sekunde 247. Wenye unene wa kupindukia, sekunde 163. Dakika mbili na sekunde 43! Sababu zake si za ajabu. Mtu akilala chali, uzito wa tumbo unasukuma kiwambo juu na uzito wa kifua unabana mapafu, kwa hivyo akiba ya hewa inayobaki mapafuni ni ndogo. Mwili wenyewe nao ni mkubwa na unatumia oksijeni zaidi. Akiba kidogo, matumizi makubwa. Yeyote aliyewahi kusubiri mwisho wa mwezi anaelewa hesabu hiyo.

Kwa hivyo swali la leo, yaani kamera ipi inamfaa mgonjwa mnene, halihusu picha nzuri. Linahusu sekunde 163.

Kabla ya kufika kwenye kamera turudi nyuma, maana mambo haya yalianza na mwalimu wa kuimba. Manuel García, Mhispania aliyefundisha uimbaji London, alitaka kuona sauti inatokea wapi. Akiwa Paris mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza nyuma ya koo lake mwenyewe, akakielekezea mwanga wa jua kwa kioo cha pili, na akaona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufunga. Mwaka 1855 habari hiyo iliwasilishwa mbele ya Royal Society mjini London. (García aliishi miaka 101, alifariki 1906. Labda kuimba kuna faida.) Zingatieni alivyofanya: njia kutoka mdomoni hadi kooni ina kona, naye hakujaribu kuinyoosha. Aliupindisha mwanga.

Waliomfuata walifanya kinyume. Mwaka 1878 William Macewen wa Glasgow alipitisha mrija kupitia mdomoni kwa kupapasa na vidole, bila kuona chochote, ili mgonjwa mwenye uvimbe kwenye shina la ulimi apate nusukaputi. Mwaka 1895 Alfred Kirstein wa Berlin alisikia kwamba chombo cha kuchunguzia umio kilikuwa kimeteleza kwa bahati mbaya na kuingia njia ya hewa ya mgonjwa. Akajiuliza: ikiwa chombo kilichonyooka kinaweza kufika huko, kwa nini jicho lisifike? Akaunda chombo cha kutazama moja kwa moja, ulimi ukiwa umesukumwa kando na kichwa kimewekwa vizuri. Tangu hapo njia ikawa ni kumnyoosha mgonjwa hadi jicho la daktari, mdomo na nyuzi za sauti vikae katika mstari mmoja.

Chombo kilichotawala dunia kilikuja 1943. Robert Macintosh, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa profesa wa nusukaputi Oxford, alikuwa akiangalia upasuaji wa mafindofindo. Kifaa cha kupanulia mdomo kilipofunguliwa, nyuzi za sauti zilijitokeza wazi bila kutarajiwa. Akaelewa kwamba si lazima kukibana kidakatonge, kile kifuniko kinachozuia tonge lisiingie njia ya hewa. Ukiweka ncha ya ubapa mbele yake, pale kinapokutana na ulimi, kisha ukainua, kidakatonge kinajinyanyua chenyewe. Fundi wake Richard Salt alisaidia kuunda ubapa uliopinda kidogo, na umbo hilo bado linatumika leo. (Huyu ndiye Macintosh ambaye jina lake liko katika ile mashine ya etha iitwayo EMO, iliyohudumu miaka mingi katika hospitali ndogo za Afrika. Ile tarakilishi ya Apple haina undugu naye!)

Halafu, mwaka 1984, Cormack na Lehane wa Uingereza waliandika makala kuhusu shida ya kupitisha mrija kwa akina mama wajawazito. Humo waligawanya kinachoonekana kwa laringoskopu katika madaraja manne. Daraja la 1, unaona tundu lote. La 2, unaona sehemu yake. La 3, unaona kidakatonge pekee. La 4, huoni hata hicho. Ni kipimo rahisi, kinakumbukwa haraka, na kilienea kila mahali. Kwa chombo cha Macintosh kilikuwa na maana kubwa, kwa sababu jicho na mrija hupita njia moja. Ukiona, kwa kawaida utafika.

Wenzangu wa programu, nadhani mmeshaanza kunusa tatizo linalokuja.

Kamera ilichelewa kwa sababu ilikuwa kubwa na ghali. Mwaka 1967 Peter Murphy wa Uingereza alipitisha mrija akiongozwa na chombo cha nyuzi laini za kioo kilichotengenezwa kwa kuchunguzia njia za nyongo. Chombo cha namna hiyo kinapinda kona yoyote, lakini kinahitaji mazoezi marefu, na damu au mate kidogo tu yanatosha kukiziba. Kilichofungua mlango kwa watu wengi kilitoka kwingine kabisa. Katika miaka ya 1990 mwanzoni, Eric Fossum na wenzake katika maabara ya JPL huko California, ambako NASA hutengenezea vyombo vya anga, walitaka kupunguza ukubwa wa kamera za safari za mbali. Walichounda ni kihisi picha cha CMOS cha aina mpya, kidogo, kinachotumia umeme kidogo, na kinachoweza kutengenezwa viwandani kwa wingi. Leo kiko katika rununu yako. Kamera ilipokuwa ndogo kama punje ya mahindi, iliwezekana kuiweka kwenye ncha ya ubapa, ikae ng'ambo ya kona.

Aliyelifikisha wazo hilo sokoni alikuwa daktari wa upasuaji wa Kanada, John Allen Pacey. Chombo chake, GlideScope, kilitoka 2001. Ubapa wake haukufuata mkunjo wa Macintosh, ulikunjwa kwa takriban nyuzi 60, na skrini ilikaa kando. Kulikuwa na kiongeza joto cha kuzuia kioo kisifanye ukungu. Daktari hakuhitaji tena kunyoosha chochote. Kwa maneno mengine Pacey alirudi kwa García, akapindisha mwanga akamwacha mgonjwa jinsi alivyo.

Mwaka 2005 Richard Cooper wa Toronto na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 728 waliotumiwa GlideScope. Karibu wote, asilimia 99, walikuwa daraja la 1 au la 2. Mtu akisoma hapo tu angesema kazi imekwisha. Lakini mrija uliingia kwa asilimia 96.3. Kwa wengi wa waliobaki, tundu lilikuwa linaonekana wazi kwenye skrini. Daktari analiona, analitazama, mrija hauingii! Kamera ilikuwa imepita kona, lakini mrija ulikuwa bado upande wa huku, nao ni laini na unataka kwenda moja kwa moja. Ndiyo sababu chombo hicho hutumiwa pamoja na waya mgumu ndani ya mrija, uliokunjwa kufuata ubapa.

Kwa hivyo kipimo cha 1984 kilikuwa kimepoteza nusu ya maana yake, na watu waliendelea kukitumia kulinganishia vyombo. Sisi tunafanya vivyo hivyo tunapofurahia ukurasa unaofunguka haraka huku kitufe cha kulipia hakifanyi kazi.

Vyombo viliongezeka haraka, na vikajigawa katika koo tatu. Ukoo wa kwanza ni wa kamera iliyowekwa kwenye ubapa wa Macintosh ule ule, mfano ni vile vya Karl Storz wa Ujerumani, kazi ambayo George Berci, mkongwe wa kamera za upasuaji, alishiriki. Ukoo wa pili ni wa ubapa uliokunjwa sana, kama GlideScope. Ukoo wa tatu una mfereji pembeni unaoubeba mrija hadi mlangoni. Humo kuna Airtraq ya Hispania, iliyoanza kwa vioo na lenzi bila kamera yoyote, na Pentax AWS ya Japani, ambayo skrini yake inachora alama ya shabaha kuonyesha mrija utatokea wapi. Hiyo alama naipenda sana. Ni chombo kinachokiri kwamba kuona na kufika ni mambo mawili.

Haya, tuwarudie wagonjwa wetu. Je, unene wenyewe unafanya kazi iwe ngumu? Wataalamu walibishana. Mwaka 2002 Brodsky na wenzake wa Stanford walichunguza watu 100 wenye unene wa kupindukia na kuona kwamba uzito haukutabiri shida. Kilichotabiri ni mzunguko wa shingo, pamoja na jinsi koo linavyoonekana mtu akipanua mdomo. Shingo ya sentimita 40, uwezekano wa shida ulikuwa asilimia 5. Shingo ya sentimita 60, asilimia 35. Mwaka uliofuata Juvin na wenzake wa Ufaransa walipata kwamba shida iliwapata asilimia 15.5 ya wanene, dhidi ya 2.2 ya wembamba. Mimi nasoma tafiti hizi mbili bila kuona ugomvi mkubwa. Mizani peke yake haitoshi, chukua pia utepe wa fundi cherehani upime shingo.

Ulinganisho wa vyombo ndio ulioniweka macho usiku. Mwaka 2008 Ndoko na wenzake, Ufaransa, waliwagawa wagonjwa 106 wenye unene wa kupindukia kwa bahati nasibu, nusu Airtraq, nusu Macintosh ya kawaida. Airtraq ilichukua wastani wa sekunde 24, Macintosh 56. Tena, oksijeni ilishuka hadi asilimia 92 au chini kwa mgonjwa mmoja tu wa Airtraq, na kwa 9 wa Macintosh. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka mimi. Hakiulizi daktari aliona nini, kinauliza mgonjwa alipatwa na nini.

Mwaka 2009, huko Uholanzi, Maassen na wenzake waliweka kamera dhidi ya kamera kwa wagonjwa 150 wenye unene wa kupindukia: GlideScope Ranger, McGrath (chombo cha mkononi kilichobuniwa Scotland na Matt McGrath, skrini yake ikiwa juu ya mpini), na Storz yenye umbo la Macintosh. Storz sekunde 17, GlideScope 33, McGrath 41. Ile yenye umbo la zamani ndiyo iliyoongoza, na mara nyingi haikuhitaji waya! Kwa sababu njia ya mrija ilikuwa ile ile ambayo mikono ya madaktari ilishaizoea. Halafu 2011 Andersen na wenzake wa Denmark wakalinganisha GlideScope na Macintosh isiyo na kamera kwa wagonjwa 100. GlideScope ilionyesha vizuri zaidi, lakini ilichukua sekunde 48, Macintosh 32. Picha bora, muda mrefu.

Tahadhari kidogo hapa. Msichukue sekunde 24 za Ndoko mkazilinganisha na 17 za Maassen. Kila utafiti una namna yake ya kuwasha saa. Mmoja anaanza ubapa unapopita meno, mwingine daktari anaposhika chombo, na mwisho pia hutofautiana. Tumeyaona haya katika majaribio ya kasi ya tarakilishi, ambapo kila kampuni hushinda mbio ilizozipanga yenyewe. Namba zinalinganishika ndani ya utafiti mmoja, si baina ya tafiti.

Kuna jambo jingine ambalo skrini ilileta. Mnamo 2007 na karibu na hapo zilichapishwa taarifa za wagonjwa waliotobolewa kaakaa laini au nyama za pembeni mwa koo wakati wa kutumia GlideScope. Si kamera iliyotoboa. Daktari alikuwa akitazama skrini, wakati ule mrija wenye waya mgumu ulikuwa bado mdomoni, mahali ambapo kamera haioni. Dawa yake ni utaratibu tu: tazama mdomoni unapoingiza ubapa, tazama skrini upate picha, rudi mdomoni unapoingiza mrija hadi ncha yake ipite, kisha ndipo skrini tena. Anayebuni skrini yoyote, hata ya duka la mtandaoni, ajue kwamba skrini inavuta macho ya mtu kutoka mahali pengine, na huko mahali pengine kuna kitu.

Na sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii, kwa vile hakina hata betri. Mwaka 2004 Collins, Brodsky na wenzao walichapisha utafiti wa wagonjwa 60 wenye unene wa kupindukia. Baadhi walilazwa na kichwa juu ya mto kama kawaida. Wengine waliwekewa blanketi zilizokunjwa chini ya kichwa, mabega na mgongo wa juu, mpaka tundu la sikio likawa usawa mmoja na mfupa wa kifua. Kwa mlalo huo wa blanketi, tundu la njia ya hewa lilionekana vizuri zaidi. Mwinuko huo pia unapunguza mzigo wa tumbo kwenye kiwambo. Blanketi! Mwenye pesa za kamera na asiye nazo wote wanaweza kuanzia hapo.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uitwao NAP4, uliotolewa 2011, ulikusanya matukio mabaya 184 ya njia ya hewa. Watu 77 kati ya hao walikuwa wanene. Kwa makadirio yao, hatari ilikuwa mara mbili kwa wanene na mara nne kwa wenye unene wa kupindukia. Vifo kadhaa vilihusishwa na kukosekana, au kutosomwa vizuri, kwa kipimo cha hewa ya kaboni inayotoka mgonjwa akipumua. Kipimo hicho ndicho kinachothibitisha kwamba mrija uko mapafuni na si tumboni. Skrini ya kamera haikichukulii nafasi.

Baada ya hapo ushahidi umeelemea upande wa kamera. Mapitio ya Cochrane ya 2022 yalijumlisha tafiti 222 zenye washiriki 26,149, na koo zote tatu zilipunguza kushindwa kupitisha mrija. Mwaka 2024 Ruetzler na wenzake wa Cleveland, Marekani, walichapisha matokeo ya upasuaji 8,429 wa moyo, kifua na mishipa. Waliohitaji kujaribiwa zaidi ya mara moja walikuwa asilimia 1.7 kwa ubapa uliokunjwa sana wenye kamera, na 7.6 kwa wa kawaida. Hao hawakuchaguliwa kwa unene wao, kwa hivyo sitawapa wagonjwa wetu namba hizo kama zilivyo. Lakini kila jaribio la pili linakula sekunde, na mwenye sekunde 163 hana za kuchezea. Kama ningeulizwa ninunue kipi kwa hospitali yenye pesa za chombo kimoja, ningechagua kile chenye umbo la Macintosh na uwezo wa kubadilishiwa ubapa uliokunjwa. Watumiaji wanakijua siku ya kwanza, na cha pili kipo kwa siku mbaya.

Mnaopenda kujitengenezea vitu mtauliza bei. Kamera ndogo za kuchungulia mabomba na injini, zile za USB, zinauzwa rahisi, na zinafuata kanuni ya pamoja ya video kwa USB iliyotolewa 2003, kwa hivyo tarakilishi nyingi na rununu kadhaa huzitambua bila programu ya ziada. Katika nchi mbalimbali madaktari na wahandisi wameshachapa ubapa kwa mashine za 3D na kuingiza kamera hizo ndani. Kuonekana, utaona. Lakini ubapa uliochapwa una mistari midogo inayoficha vijidudu, plastiki yake huenda isistahimili joto la kuulia vijidudu, lenzi haina joto la kuzuia ukungu, na picha inaweza kuchelewa kidogo nyuma ya mkono. Ukitaka kupima ucheleweshaji huo, onyesha kamera saa inayohesabu sehemu za sekunde kwenye skrini moja, iweke kando ya skrini ya kamera, kisha piga picha moja inayonasa zote mbili. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo umbali kati ya anachokiona daktari na mahali ulipo mrija.